Mfupa uliunga, mwendo ukagoma: uzoefu wangu wa fizio baada ya kuvunjika paja

X-ray ya mwezi wa nne tangu nivunjike ilikuwa safi. Daktari wa mifupa aliinyanyua kwenye mwanga, akanionyesha kama wingu jeupe limezunguka pale palipovunjika, akasema, "Mama, mfupa umeunga. Nenda katembee." Nikatoka nikichechemea vile vile nilivyoingia. Jioni ile narudi kutoka dukani na mkate, nasikia watoto wanacheka nyuma. Kugeuka, mtoto wa jirani, hajafika hata miaka saba, ananifuata huku anayumba kama bata, bega la kushoto chini, la kulia juu. Ananiigiza. Nilitaka kumchapa, lakini alikuwa amenipatia haswa. Hakuna mtu hospitalini aliyekuwa amenionyesha mwendo wangu ulivyo.

Nilivunjika paja la kushoto kwenye bodaboda, Barabara ya Morogoro, nikiwa abiria. Habari ya ajali naiacha, kila mtu Dar ana yake. Linalohusu hapa ni chuma. Niliwekewa kile cha kupita ndani ya mfupa, cha SIGN, kinachotengenezwa Richland, jimbo la Washington, Marekani, na shirika alilolianzisha daktari Lewis Zirkle mwaka 1999. Kimebuniwa kwa ajili ya hospitali kama zetu: skrubu zake zinafungwa bila ya ile mashine ya X-ray ya kumulika ndani ya chumba cha upasuaji. Nakishukuru chuma hicho, kimenisimamisha. Ila changu kiliingizwa kwa juu, nyongani, na njia ya kuingilia inapita jirani kabisa na misuli inayobeba kiuno. Hilo sikuambiwa. Mimi kila siku nilikuwa napapasa paja pale palipovunjika, natafuta ubovu huko, kumbe ubovu uko shubiri mbili juu yake.

Ikabidi nitafute fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na kabla ya kufika nilikofika nilipoteza pesa kwingine. Sitapataja. Ni sehemu nzuri, viyoyozi, maua mlangoni, na unalipia siku kumi kwa mkupuo. Nililipa laki mbili na nusu. Kila nikienda nalazwa kitandani, nabandikwa vile vibandiko vya umeme pajani, nawekewa taa ya joto, halafu nasingwa mafuta. Dakika arobaini. Usingizi mtamu sijapata kuona. Umeme wenyewe unatekenya tekenya kama sisimizi, maumivu yanapoa, nateremka kitandani najisikia mwepesi, na nikifika getini nachechemea. Siku ya sita nikauliza kama kuna mazoezi ya kusimama. Nikaambiwa, "Taratibu, dada, misuli kwanza ilegee." Misuli yangu ilegee tena! Ilikuwa imelegea miezi minne. Siku nne zilizobaki nilidai hela yangu, sikurudishiwa.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa huyu wa pili. Vyumba viwili nyuma ya duka la dawa Kinondoni, feni moja, na korido ndefu ya sakafu ya saruji. Mtaalamu ni binti mdogo, umri wa kumzaa. Alinipa shikamoo kwa adabu zote, akanibebea pochi, na baada ya hapo sikuona huruma yoyote. Siku ya kwanza hakunigusa mguu. Alinibandikia plasta mbili za kidonda juu ya nguo, moja kila upande, pale kwenye ncha za mifupa ya kiuno, akachuchumaa mwisho wa korido na simu yake, akasema, "Mama, njoo." Nikaenda. "Rudi." Nikarudi. Mara sita. Halafu akanionyesha video, ameipunguza kasi.

Nikiwa nimekanyaga mguu wa kulia, plasta zote mbili zimelala sawa. Nikikanyaga wa kushoto, plasta ya kulia inashuka, na mwili mzima juu unalalia kushoto. Bata yule yule. Akaniambia dalili hiyo ina jina la daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, aliyeieleza mwaka 1895, na kwamba mfupa wangu haudaiwi kitu. Wanaodaiwa ni misuli ya pembeni ya tako, chini kidogo ya mkanda wa suruali. Kazi yake ni kuzuia kiuno kisianguke upande wa pili mguu mmoja unapokuwa hewani.

Mimi nauza vitenge Kariakoo, hesabu sizikimbii, nikamwambia anieleze kwa namba. Akaniuliza kama namjua mtu wa mkokoteni. Nani asiyemjua? Mzigo ukikaa juu ya ekseli, jamaa anatembea anapiga mluzi. Ukisogea mbali na ekseli, mikono inamuuma. Sasa nyonga ndiyo ekseli. Nikisimama kwa mguu mmoja, uzito wa mwili unaning'inia upande mmoja wa ekseli, na msuli unavuta upande wa pili, lakini msuli umekaa karibu na ekseli kuliko uzito, kama nusu ya umbali hivi. Kwa hiyo lazima uvute kama mara mbili. Nina kilo 78. Toa mguu niliokanyagia, zinabaki kama 65. Msuli unatakiwa kuvuta 130, na kiungo cha nyonga kinabeba vyote viwili, karibu kilo 195. Kila hatua! Msuli uliolala miezi minne unazitoa wapi kilo 130? Haunazo, ndiyo maana mwili unajilaza kushoto, unausogeza mzigo juu ya ekseli. Kuchechemea kwangu ilikuwa akili ya mwili, wala si uvivu. Nilikaribia kulia. Miezi yote hiyo watu nyumbani wananiambia nimezoea kudeka.

Halafu akaitazama fimbo yangu. Ilikuwa bakora ya marehemu baba, nimeishika mkono wa kushoto, upande wa mguu mbovu, kama wanavyoshika wagonjwa wote kwenye filamu zetu. "Mama, hamisha mkono." Nikaishika kulia. Hatua tatu tu, nikasimama kwa mshangao. Fimbo ikiwa mkono wa pili inanyanyua ule upande unaoanguka, na iko mbali na ekseli, kwa hiyo ukiikandamiza kidogo tu umemsaidia msuli sana. Bakora nayo ilikuwa ndefu, inanipandisha bega. Mpini unatakiwa ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono unaning'inia. Kuikata bakora ya baba sikuweza. Nilinunua ya aluminiamu yenye matundu ya kupunguza, elfu thelathini na tano, na raba chini. Kama una fimbo nyumbani na hutaki kumlipa mtu yeyote, angalau hili la mkono lifanye leo.

Goti lilikuwa kesi nyingine. Alikunja taulo akaliweka chini ya goti, akasema niligandamize. Nikakaza meno, nikakaza shingo, pia ya goti haikutikisika. Niliogopa, nikadhani mshipa wa fahamu umekatika. Akanieleza kuwa goti likivimba na kuuma, uti wa mgongo unaupiga breki msuli wa mbele ya paja. Nyama ipo, imekonda tu, ila amri haifiki. Hapo naye akaleta umeme, na ndipo nilipojua umeme nao una aina. Ule wa kwanza ni wa kutuliza maumivu. Huu aliuongeza mpaka paja likajikaza lenyewe, goti likataka kunyooka bila ruhusa yangu, na kila linapojikaza mimi natakiwa nisukume nalo. Hakuna usingizi hapo. Wiki mbili tu, akauondoa. "Sasa amri inafika, tumalize wenyewe."

Alikuwa anapima paja kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya pia ya goti. Kulia 51, kushoto 46. Wiki ya nne nikawa naweza kunyanyuka kwenye kiti bila kushika meza, nikakimbilia futi kwa furaha: 46 ile ile. Nikahisi naibiwa. Kumbe nguvu za wiki za mwanzo zinatoka kwenye mishipa ya fahamu, inajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja. Nyama inafuata baadaye. Futi ilisogea wiki ya tisa, nusu sentimita.

Kitu ambacho sitakisahau ni kandambili. Alinivalisha kandambili zangu mwenyewe, akageukia ukutani akafumba macho, akasema nitembee. Anasikiliza. Pa-paaa, pa-paaa. Akaniambia mtu mzima wa mwendo mzuri, kila mguu unakaa chini kama asilimia 60 ya mzunguko wa hatua zake na hewani kama 40, na mlio unakuwa sawa kwa sawa. Wangu wa kushoto unaiba muda, unagusa chini na kukimbia. Basi zoezi likawa hilo: korido nzima natafuta mlio sawa, yeye kageukia ukuta. "Umeiba, mama." "Hapo sawa." "Umeiba." Nyumbani nikawa natembea sebuleni usiku nikijisikiliza, mume wangu akauliza kama nahesabu vigae.

Mengine ni kazi tu. Kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu, kisigino kikitangulia. Kusimama mguu mmoja huku napiga mswaki. Kutembea kiubavu na mpira umefungwa juu ya magoti. Ile bendi ya kuuzwa ilinikatikia siku ya tatu, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli kwa fundi, buku mbili, ninao mpaka leo.

Ngazi zilinitesa. Duka letu liko ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo lile ni pambo. Kupanda niliweza mapema, kushuka hapana. Kushuka, msuli wa paja unakaza huku unarefuka, kama mpagazi anayeshusha gunia kwa kamba: akiachia ghafla limepasuka. Alinianzishia kwenye kipande cha ubao cha sentimita kumi, nishuke nikihesabu mpaka nne. Siku ya pili yake niliamka paja linauma kuliko siku yenyewe, nikamtumia sauti ya WhatsApp nikilia kwamba chuma kimevunjika. Akacheka. Akaniuliza maswali: limeuma pote au nukta moja? Pote. Ukitembea kidogo linapungua? Linapungua. Basi ni uchovu wa msuli, siku mbili tatu utaisha. Ila akaniambia bila kucheka kwamba kigimbi kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, nisimpigie yeye, niende hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda.

Lawama ninazo, nisije nikaonekana nimelipwa. Kila kikao ni elfu ishirini na tano na bima yangu haikukubali hata kimoja. Kwa vikao ishirini na mbili piga hesabu mwenyewe. Karatasi ya mazoezi niliyopewa ni fotokopi ya Kiingereza iliyofifia, mzungu kalala kwenye zulia, mishale haionekani. Kuna wiki tatu binti alikuwa likizo, nikapewa kijana wa mafunzo, anahesabu "saba, nane" huku macho kwenye simu. Nilifanya kumi na tano nane yake bado haijaisha. Chumba kina joto la tanuri. Na mwanzoni hakuniambia itachukua muda gani, alipenda kusema "tutaona". Ningependa kuambiwa miezi, hata kwa kukadiria.

Goti siku ya kwanza lilikunja nyuzi 75 kwenye kile kipimo chao cha pembe chenye mikono miwili. Kutembea sakafuni kunataka kama 60, kwa hiyo hospitalini walikuwa sahihi kwamba natosha kutembea. Lakini ngazi zinataka karibu 90, na choo cha kuchuchumaa na sujudu vinataka zaidi ya 120, na hivyo ndivyo vitu vyangu mimi. Nilimwambia hivyo tangu mwanzo na akaviandika kwenye daftari kwa maneno yangu: ngazi, choo, sujudu. Sasa niko 128. Choo nimeshinda. Sujudu naifikia, ila kile kikao cha tahiyatu bado naegemea kulia, na nikichoka narudi kwenye kiti.

Wiki iliyopita nilishuka ghorofa tatu na robota dogo la vitenge kichwani, fimbo nimeiacha dukani. Saa kumi na mbili jioni, kama plasta za kiuno zingekuwepo, ya kulia ingeshuka kidogo, najua. Yule mtoto wa jirani ameacha kuniigiza, siku hizi anamfuata muuza kahawa.

Bado nakwenda, mara moja kila wiki mbili, Jumatano. Jioni foleni ni ndefu kwa ajili ya wanaotoka kazini, asubuhi kabla ya saa tatu unakuta korido iko wazi. Nenda na kandambili zako.