Uzoefu Wangu: Sahani za Bluzi na Roki Nilizonunua kwa Kufuata Jina la Willie Dixon

Huu ni mwaka wa tano tangu nianze kukusanya sahani za santuri za muziki wa bluzi na roki hapa Nairobi. Nyingi nimezipata katika vibanda vya Kenyatta Market, ambako moshi wa nyama choma huingia hadi kwenye majalada, na chache nimeziagiza kutoka Uingereza na Marekani. Mwaka wa kwanza nilinunua ovyo: nilichukua kila jina kubwa la roki lililokuja mbele yangu, nikapata rafu iliyojaa na masikio yasiyoshiba. Kilichoniongoza baadaye ni jina moja dogo lililochapwa ndani ya mabano, kwenye lebo, yaani ile karatasi ya duara iliyo katikati ya sahani, na ninaamini kwamba anayeanza leo atatumia pesa zake vizuri zaidi akiyasoma majina hayo ya watunzi kabla ya kuitazama picha ya jalada.

Nilikuwa na Led Zeppelin II, albamu ya mwaka 1969 ya bendi ya roki ya Uingereza Led Zeppelin, nakala ya zamani niliyoachiwa na baba pamoja na mashine yake ya santuri. Kwa wimbo wa kwanza, "Whole Lotta Love", lebo ya nakala hiyo inawataja wanamuziki wanne wa bendi peke yao kuwa watunzi. Siku moja nilishika nakala mpya ya albamu hiyo hiyo kibandani, nikaisoma lebo yake na kukuta jina la tano: Dixon. Willie Dixon alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915, na kwa miaka mingi alikuwa mtunzi, mpiga besi na msimamizi wa kurekodi katika kampuni ya Chess mjini Chicago. Mwaka 1962 mwimbaji wa bluzi Muddy Waters alirekodi wimbo wa Dixon uitwao "You Need Love". Sehemu ya maneno yake ikajitokeza tena kwenye wimbo huo wa Led Zeppelin bila Dixon kutajwa, akafungua kesi mwaka 1985, na mwaka 1987 pande mbili zikaelewana. Sahani ya baba na ile mpya zina nyimbo zilezile, lakini hii ya pili imebeba haki ya mtu iliyochelewa kwa miaka 18.

Albamu yenyewe ninaipendekeza bila kusita. Wakusanyaji huisaka sana nakala ya kwanza kabisa ya Marekani ambayo mistari yake ya sauti ilichongwa na fundi Robert Ludwig, nayo hutambulika kwa herufi RL zilizokwaruzwa kwenye sehemu tupu iliyo karibu na lebo. Besi yake ilikuwa nzito kiasi kwamba sindano za mashine za bei nafuu ziliruka kutoka kwenye mistari, ndipo kampuni ikaagiza ichongwe upya kwa besi iliyopunguzwa. Bei za nakala hizo zimepanda mno, na kwa maoni yangu mtu anayeanza hana haja nazo; nakala ya kawaida isiyo na mikwaruzo inatosha kabisa.

Baada ya hapo nilianza kulitafuta jina la Dixon kila mahali, na sahani iliyonilipa zaidi ni ile ya Howlin' Wolf, mwimbaji wa bluzi Mmarekani mweusi, ya mwaka 1962, yenye picha ya kiti cha kubembea kwenye jalada. Nyimbo zake nyingi ni utunzi wa Dixon. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilisimama katikati ya chumba, kwa maana nyimbo tatu nilizodhani ni za roki ya Kizungu zilikuwa humo, zikiimbwa na sauti nzito iliyokauka kama ya mtu aliyekesha akiita upande wa pili wa bonde. "Little Red Rooster" iliifikisha bendi ya Rolling Stones kwenye nafasi ya kwanza Uingereza mwishoni mwa mwaka 1964, "Spoonful" ikachukuliwa na bendi ya Cream mwaka 1966, na "Back Door Man" ikaingia kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya The Doors mwaka 1967. Gita la Hubert Sumlin, mpigaji wa Wolf, ndilo ninalolirudia. Hapigi noti nyingi, ila kila anayoipiga inakuja wakati ambapo hukuitarajia. Hapa pana jambo la kuangalia kwa anayetaka kulinganisha: albamu ya Cream iitwayo Fresh Cream iliyotolewa Uingereza ina "Spoonful", lakini ile iliyotolewa Marekani iliuacha wimbo huo na kuweka "I Feel Free". Soma orodha ya nyimbo nyuma ya jalada kabla ya kutoa pesa.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kubaki na sahani moja tu, ningebaki na Folk Singer ya Muddy Waters, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1963 na kutolewa mwaka uliofuata. Muddy alikuwa amejijengea jina kwa gita la umeme, lakini kwa kuwa wasikilizaji vijana wa wakati huo walikuwa wakipenda muziki wa asili usio na umeme, kampuni ya Chess ilimketisha na gita kavu, pembeni yake akiwa Buddy Guy, ambaye naye alipiga gita kavu, Clifton James kwenye ngoma, na Willie Dixon mwenyewe kwenye besi kubwa ya kusimama. Sisi tuliokua tukisikia gita kavu la akina George Mukabi kwenye redio za wazazi wetu tunaingia kwenye sahani hii kwa mlango tunaoujua: vidole vinasikika vikigusa nyuzi, na sauti ya mwimbaji haina mahali pa kujificha. Muddy anaimba taratibu, ananyamaza, chumba kinabaki na mwangwi mdogo, kisha Dixon anaugusa uzi mmoja wa besi na sakafu ya nyumba yangu inaitikia. Nimezisikia nyimbo hizo kupitia simu pia, na ule ukimya wa katikati haukunifikia.

Ukimya huo ndio unaoifanya sahani hii isivumilie uchafu. Kwenye albamu ya roki yenye kelele, punje ya vumbi hupita bila kutambuliwa. Kwenye Folk Singer inalia kama kuni mbichi motoni. Nilinunua nakala ya zamani kwa shilingi 1,500 ambayo ilionekana safi chini ya taa ya kibanda, na nilipofika nyumbani Buruburu nikakuta imekwaruzwa upande mzima wa kwanza. Tangu siku hiyo huitoa sahani kwenye mwanga wa jua, nikaiinamisha hadi mwanga uteleze juu yake, na wauzaji wengi hawakatai ukiomba kwa heshima, mzee mmoja hata aliniambia, "Kijana wangu, anayekataa uitazame anajua alichokificha." Baadaye niliagiza toleo jipya zito la gramu 180 kutoka ng'ambo. Muuzaji wa kwanza alinitumia sahani iliyopinda, na alinirudishia pesa baada ya barua nyingi. Ya pili ilifika imenyooka, nayo ndiyo ninayoisikiliza sasa. Vumbi letu la Januari na Februari halina huruma, kwa hiyo mimi hupitisha brashi laini kila ninapoweka sahani kwenye mashine, na ninapomaliza huirudisha wima rafuni, mbali na dirisha la jua la jioni, maana plastiki hiyo hupinda kwa joto.

Upande wa Uingereza ninapendekeza albamu ya mwaka 1966 ya John Mayall na bendi yake ya Bluesbreakers wakiwa na mpiga gita Eric Clapton, yule anayeonekana kwenye jalada akisoma gazeti la katuni la watoto. Clapton alikataa kuipunguza sauti ya amplifaya yake studioni, na ukali huo wa gita unasikika mpaka leo. Ukitazama mabano utakuta majina ya Otis Rush, Freddie King na Robert Johnson, na kila jina ni safari nyingine ya kwenda sokoni. Kwa Robert Johnson ipo King of the Delta Blues Singers, iliyokusanywa mwaka 1961 kutokana na rekodi zake za San Antonio na Dallas za miaka ya 1936 na 1937. Usitarajie sauti safi, kwa kuwa chanzo chake ni sahani za kale, na nakala nzuri haitaondoa mchakacho huo. Live at the Regal ya mpiga gita wa bluzi B.B. King, iliyorekodiwa mbele ya watu jijini Chicago tarehe 21 Novemba 1964, inafaa hata kwa jirani asiyependa bluzi.

Sahani ya mwisho kuingia rafuni ni At Fillmore East ya Allman Brothers Band, bendi ya roki ya Marekani, iliyorekodiwa New York mwezi Machi 1971. Jina la Dixon halimo, lakini upande wa kwanza wote ni heshima kwa wazee wa bluzi: Blind Willie McTell, Elmore James na T-Bone Walker. Upande wa mwisho ni wimbo mmoja wa takriban dakika 23, na magita mawili ya Duane Allman na Dickey Betts yanasemezana ndani yake hadi mtu anasahau chai yake mezani. Kwa kuwa ni albamu ya sahani mbili, zitoe zote mbili kwenye jalada kabla ya kulipa. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa na sahani moja ya Allman Brothers na nyingine ya nyimbo za Krismasi, nami niligundua hivyo usiku, baada ya soko kufungwa.