Uta wa kuwindia nguruwe, na mimi nakaa Umoja: uzoefu wangu

Picha iliyokuwa kwenye boksi ni ya nguruwe mwitu mweusi, kichwa chini, kando ya kichaka. Maelezo ya muuzaji nayo yalikuwa kulungu huku, nguruwe kule, kana kwamba kila mnunuzi anaamka na msitu nyuma ya nyumba. Mimi nakaa Umoja, mtaa wa Nairobi. Hata hivyo uta huu ningeununua tena leo, na rafiki ningemwambia aununue, ila kwa masharti mawili matatu ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye boksi.

La sheria tulimalize kwanza, maana ndilo watu huuliza kabla hata ya salamu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Ukiwinda kwa bunduki, mtego au uta, utashtakiwa. Hata nguruwe mwitu anayemaliza mahindi ya shangazi yako usiku humpigi mshale, unaripoti kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kwa hiyo nikitaja nguruwe na kulungu hapa nazungumzia wanyama wa fomu, yaani sanamu za povu gumu za kulengea, au wale wa Marekani ambao uta huu ulitengenezwa kwa ajili yao. Kule nguruwe ni balaa kweli. Waliletwa na Wahispania, Hernando de Soto aliwashusha Florida mwaka 1539, wakatoroka, wakazaana, na sasa ni mamilioni, wanafukua mashamba kama trekta. Texas hawana msimu wa kuwapumzisha. Mkulima anafurahi ukiwapunguza.

Sasa uta wenyewe. Ni wa kutenganisha: mpini wa mbao katikati, na mikono miwili ya mbao iliyofunikwa faiba, kila mmoja unakazwa kwa skrubu kubwa unayoizungusha kwa vidole. Ukiunganisha unapata inchi 62. Ukitenganisha, wote unaingia kwenye begi la mgongoni, na kwa mtu wa matatu hilo si jambo dogo. Hakuna kioo cha kulengea, hakuna magurudumu yale ya nyuta za kisasa yanayokupunguzia uzito wa kamba, hakuna chochote cha kukusaidia kushikilia. Ni mbao, kamba na macho yako. Marekani aina hii huuzwa kati ya dola 130 na 200 hivi. Ukija kuongeza nauli ya ndege, ushuru na VAT ya asilimia 16, utashangaa, lakini bado ni nafuu kuliko zile nyuta za kisasa zenye magurudumu.

Kuutoa kwa forodha kulikuwa na mazungumzo yake.

"Hii ni silaha?" afisa akaniuliza.

"Ni ya michezo, mkubwa."

"Michezo gani?"

Nikafungua simu nikamwonyesha Shehzana Anwar akiwa amebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Rio, 2016. Akaitazama muda. "Kumbe huyu ni wa mishale? Mimi nilijua bendera hubebwa na wa mbio." Akapiga muhuri.

Jambo kubwa la kuamua kabla ya kulipa ni uzito wa kuvuta. Mikono ya uta huuzwa kwa paundi, kuanzia 25 hadi 60, na uzito huo hupimwa kamba ikiwa imevutwa inchi 28. Hapa ndipo wanaume wa Nairobi wanapoharibu pesa. Mtu anaona 50, anajipapasa msuli, anasema mimi siwezi kushindwa. Paundi 45 peke yake ni kama kilo 20, yaani mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa, umening'inia kwenye vidole vitatu, na unatakiwa kutulia nao shavuni huku unalenga. Anayeshindwa hajui kwamba ameshindwa. Anachoona ni mishale inayokwenda kushoto, analaumu uta. Mimi nilianza na mikono ya paundi 30, nikakaa nayo mpaka bega likazoea njia yake, ndipo nikaagiza ya 45 na kuifunga kwenye mpini uleule. Majimbo mengi ya Marekani hukutaka uwe angalau na paundi 30 hadi 40 ndipo uruhusiwe kumpiga kulungu, kwa hiyo hiyo 45 inatosha hata kule. Ya 60 ni ya kujisifu.

Kuna mtu atasema mababu walivuta zaidi. Ni kweli. Waata wa Tsavo, hao waliokuwa wakiwinda ndovu, nyuta zao zilipita paundi 100. Lakini hao walianza utotoni na hawakuwa wakikaa ofisini kutwa.

Mishale ndiyo iliyonisumbua kuliko uta. Uta mmoja utakuhudumia miaka. Mishale inapotea, inavunjika, inapinda. Na si mshale wowote unaofaa. Kamba ikiachiwa, mshale haunyooki moja kwa moja. Unajipinda kama samaki na kuuzunguka mpini kabla ya kutulia angani. Ukiwa mgumu kupita kiasi au laini kupita kiasi, hauzunguki vizuri, utakwenda kando hata ukilenga kama malaika. Kwa mikono ya 45 natumia mishale ya kaboni yenye namba ya ugumu 500, na inakubali. Nilijaribu pia mishale ya mbao iliyotengenezwa na fundi wa Kariobangi, fundi mzuri sana wa viti. Mbao zilikuwa nyoofu, lakini kila moja ilikuwa na ugumu wake, na dazeni ya mishale ikawa dazeni ya tabia tofauti. Za mbao zinawezekana, ila ni lazima uzipime moja moja uzipange, na fundi wa viti huwezi kumlaumu kwa hilo.

Manyoya, kwa upande mwingine, tunayo hapahapa. Kwenye uta wa namna hii mshale unapita juu ya mbao yenyewe, kwa hiyo plastiki haifai, inagonga na kuruka; unyoya unalala kisha unasimama tena. Yanayotumika zaidi ni ya bawa la bata mzinga, na wakati wa Krismasi wachinjaji sokoni wanayatupa. Waombe watakupa, huku wakicheka. La kuangalia ni moja: mshale mmoja ubebe manyoya ya bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, maana kila upande una mkunjo wake. Ukichanganya, mshale hauzunguki vizuri hewani.

Uwanja wetu ni ploti ya rafiki, mbele ya Kitengela, yenye tuta la udongo nyuma ili mshale uliokosea usiende kwa watu. Kwenye mtaa usithubutu. Kwa mazoezi ya kawaida tuna gunia lililojazwa matambara ya Gikomba, yale mabaki ambayo hata muuza mitumba ameyakatia tamaa, na sijaona shabaha bora kuliko hiyo kwa pesa hizo: mshale unasimama, unauchomoa kwa vidole viwili. Kisha tukachanga tukaagiza nguruwe mmoja wa fomu na kulungu mmoja, na hapo ndipo nilipoanza kuuelewa uta huu.

Kwenye duara la rangi jicho lina pa kukaa. Nguruwe hana duara. Ni weusi mtupu kutoka pua hadi mkia, na mkono wako wenyewe unalenga katikati ya mwili, mahali ambapo pana matumbo tu. Moyo wa nguruwe uko chini sana, karibu katikati ya miguu ya mbele, na mapafu yamesukumwa mbele nyuma ya bega. Kulungu mapafu yake yanarudi nyuma kidogo zaidi, kwa hiyo pigo la kulungu ukimpelekea nguruwe umemjeruhi bure. Tena dume la nguruwe lina ngao ya tishu ngumu chini ya ngozi ya bega, nene kiasi cha kusimamisha mshale wa uta kama wangu. Ndiyo maana wawindaji wa kule humngoja mpaka ageuke kidogo, makalio yakielekea kwao, mshale uingie nyuma ya mbavu ukielekea bega la mbali. Yote hayo unaweza kuyafanyia mazoezi kwenye fomu bila tone la damu: mgeuze nguruwe nyuzi 45, piga magoti, tafuta sehemu ndogo kabisa ya kutazama. Yule wetu ana kovu la kiwandani juu tu ya kiwiko, refu kama ukucha. Mimi hulitazama hilo kovu, sitazami nguruwe.

Wapenda maelezo madogo: fomu hubana mshale vibaya sana. Paka mshale sabuni ya mche kabla ya kupiga. Na sehemu ya moyo ikishachakaa na kubaki tundu, ijaze fomu ya kopo inayouzwa hadwea kwa kuziba madirisha, iache ikauke, ipunguze kwa kisu. Nguruwe wetu sasa ana kifua cha manjano.

Nilipokwenda Mwingi niliubeba, kwa sababu mjomba wangu alikua akichunga ng'ombe uta ukiwa begani, na nilitaka maneno yake kuliko ya mtandao. Akaupokea, akaupima kwa mkono, akapiga mshale mmoja kwenye lundo la mchanga. Hakusema kitu kuhusu mbao wala rangi.

"Mpwa wangu, uta ni mzuri. Lakini unalia."

"Unalia vipi, mjomba?"

"Huyo mnyama atakusikia kabla mshale haujafika." Kisha akaugeuza mshale, akatazama ncha. "Na sumu mnapaka wapi?"

Nikamweleza kwamba wenye uta huu hawatumii sumu. Wao hutumia ncha pana yenye makali kama wembe, na mnyama hufa kwa kutoka damu. Sumu ya kwetu ya zamani, iliyochemshwa kutoka mti wa Acokanthera, husimamisha moyo, kwa hiyo pigo la paja nalo lilitosha. Mzee akatikisa kichwa. "Basi lazima wamkaribie sana."

Na ndivyo ilivyo. Wanaowinda kwa uta wa kienyeji huko Marekani, wengi hawapigi kupita yadi 20, kama mita 18. Mshale wangu unakwenda takriban mita 50 kwa sekunde, na sauti inakwenda mita 340. Kwa umbali huo mnyama amesikia kamba kitambo, na kulungu akishtuka hujiinamisha ili aruke, mshale ukapita juu ya mgongo. Mzee alikuwa amesikia kasoro kubwa ya uta huu kwa pigo moja.

Kelele hiyo inatibika. Kamba iliyokuja nayo ni ya Dakroni na siku za mwanzo hunyooka, pengo kati yake na mpini likapungua. Ivue, isokote mizunguko kadhaa, itafupika. Pengo likifika inchi saba na nusu hadi nane uta unatulia. Halafu funga vishada viwili vya uzi wa sweta kwenye kamba, kimoja juu kimoja chini. Sasa unatoa mguno tu. Lakini hayo nimeyafanya mimi, muuzaji hakuyagusia.

Hakugusia pia kamba ya kupindia, ile ya kukusaidia kuupachika uta bila kuukunja kwa mguu. Haikuwamo kwenye boksi, na bila hiyo mikono hujipinda, uta ukaisha. Iagize pamoja. Kipande cha plastiki cha kulazia mshale kilibanduka mapema. Nilibandika ngozi ya kiatu kuukuu pale kwenye mbao na sijakikumbuka. Skrubu hulegea, zikague kila mara. Usiuache kwenye gari lililoegeshwa juani, gundi ya faiba haipendi joto. Na wageni wakija nyumbani, ufiche. Kila mmoja atataka kuuvuta na kuachia kamba bila mshale, ambayo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuupasua.

Kama unatafuta kitu cha kutoa shabaha haraka ili uwaonyeshe marafiki Jumapili, usinunue huu, nunua wenye magurudumu na kioo. Kama huna mahali salama pa kupigia, pia subiri. Lakini mtu mwenye kiwanja, mvumilivu, anayeridhika na gunia la matambara mpaka mkono ukubali, atapata thamani ya kila shilingi. Anza na 30. Na mikono yangu ya 30 msiniulize bei, siiuzi. Binti wa dada yangu anaitumia, na ameanza kunishinda kwa yadi 15.