Boko Boko na Mkate wa Mofa Nyuma ya Soko la Darajani

Mgahawa huu mdogo wa Mji Mkongwe, Zanzibar, ni miongoni mwa sehemu chache ninazozijua ambako boko boko hupikwa mwaka mzima, si Ramadhani na sikukuu pekee, na hupikwa kama wazee wetu walivyoizoea. Ngano iliyokobolewa hurowekwa tangu jioni, kisha huchemshwa usiku kucha kwa moto mdogo wa makaa pamoja na nyama ya mbuzi, mdalasini na iliki. Alfajiri mpishi huiponda kwa mwiko mzito mpaka nyuzi za nyama zishikane na ngano, pasibaki kipande kinachoweza kutengwa kwa kijiko. Wapishi wengi siku hizi hutumia mashine ya kusagia, nayo huigeuza boko boko kuwa uji. Ya hapa huvutika inapochotwa, na samli pamoja na vitunguu vilivyokaangwa hukaa juu yake bila kuzama.

Ninachokilalamikia ni kadi ya vyakula. Inasema tu kwamba boko boko ni "chakula cha asili", kana kwamba haina ilikotoka, ilhali ni ndugu wa harisi ya Uarabuni, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2023 kuwa urithi wa Oman, Saudia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Iko hapa kwa sababu ya karne nyingi za majahazi, biashara na ndoa baina ya pwani yetu na Uarabuni, na mlaji anastahili kuambiwa hivyo.

Mpishi, bi mkubwa aliyelelewa Pemba, anayajua hayo yote na mengine zaidi. Nilipomuuliza, alinieleza jinsi wanawake walivyokuwa wakipokezana mwiko usiku wa kuamkia harusi, na akanitajia vipimo vyake kwa vibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Wengi wetu siku hizi tunaisikia pishi wakati wa zakatulfitri tu. Kijana anayepima kwa kilo hawezi kuifuata mapishi hiyo, na mpishi mwenyewe hajapata kuiandika popote. Ningependa sana wenye mgahawa wakae naye, wapime kila kibaba kwenye mizani, waandike vipimo vyote viwili, na wayarekodi maelezo yake kwa sauti yake mwenyewe maadamu yupo na anapenda kueleza.

Mkate wa mofa nao ni wa kusifiwa. Unga ni wa mtama mtupu, na donge hubandikwa kwa mkono kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo, ndiyo maana upande mmoja hutoka mkavu wenye harufu ya moshi na wa pili hubaki laini. Ukiliwa na pweza wa nazi, hauhitaji kitu kingine. Urojo wao ni wa kawaida; mjini upo ulio bora.

Huduma ni ya heshima, ingawa nafasi ni finyu. Anayetaka boko boko afike asubuhi, kwani hupikwa sufuria moja tu kwa siku, na mofa huanza kutoka tanurini baada ya alasiri.