Miwani ya Kuongozwa kwa Macho: Ati Macho Yangu Ndiyo Mabovu

Nilipolalamika kwamba miwani hii, unayoiamuru kwa kutazama tu, inakosea juani, muuzaji alinijibu bila haya: "Dada, kifaa kizima hiki, macho yako ndiyo mabovu." Macho haya haya yanayotunga uzi kwenye sindano magharibi!

Ndani ya fremu mna vitaa vya infraredi, mwanga usioonekana, vinavyomulika jicho. Kamera ndogo inatafuta mboni pamoja na nukta ya mng'aro juu yake, na kwa kupima nafasi kati yao inajua unatazama wapi. Usiku, nyumbani Ngamiani, raha tupu: unakazia macho alama ya kamera kwenye kioo kidogo tu, picha hiyo, na mikono bado ina unga wa maandazi. Hapo ningeipa nyota zote.

Sasa toka nayo hadi soko la samaki la Deep Sea jua likishakolea. Jua nalo limejaa infraredi. Likigonga maji na kukurudia usoni, ile nukta inamezwa. Mboni iliyokuwa pana chumbani imesinyaa, basi ulinganishaji ulioufanya ndani, yaani kutazama nukta moja moja kwenye kioo ili miwani iyajue macho yako, unapotoka. Ongeza jasho la Tanga. Miwani ikiteleza puani milimita mbili, unatazama alama ya kuzima, inapiga picha. Unatazama fungu la changu, inapiga picha, na mwenye samaki anataka kujua unampigia nini.

Na wanja, jamani! Hili mbona hawalisemi dukani? Wanja wa ndani ya kope ya chini ni mweusi kama mboni, kamera haijui ishike kipi. Ufute, alama inatulia. Kifaa cha machoni kinauzwa pwani, na wanja haukufikiriwa!

Kwa aliyekwisha kutoa pesa: vaa kofia ya ukingo mpana, lipe jua mgongo, kisha linganisha upya palepale uliposimama, kichwa kimetulia, nukta zote bila kuruka. Mikono ya miwani ivishe vipira nyuma ya masikio. Vidirisha vya kamera usivipanguse kwa pindo la kanga, chumvi na mafuta ya nazi huacha ukungu. Kama mipangilio inaruhusu, ongeza muda wa kukazia macho alama kabla haijaitika.

Nilishaandika "msinunue", nikafuta. Asiyeweza kutumia mikono, akikaa kivulini, atafaidi kweli. Nyota tatu. Au mbili, maana nimemkumbuka yule muuzaji: nilimwambia aivae yeye, asimame nje ya duka adhuhuri. Akakataa, ati jua linamuumiza macho.