Shanga za nanobodi ya GFP: uzoefu wangu

Shanga hizi, punje ndogo sana zilizobandikwa nanobodi, nazitumia kunasa protini zilizoungwa na GFP (protini inayong'aa kijani) kutoka seli za HEK293 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara), kazi niliyokuwa nikiifanya kwa kingamwili ya sungura na shanga za protini A, inayoshika kingamwili. Kilichonihamisha ni jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa. Ukichemsha zile za zamani kwenye bafa ya SDS (sabuni kali), kingamwili nayo hung'oka na kuacha bendi mbili nene, moja kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini) na nyingine 25. Ole wako kama protini unayoitafuta iko hapohapo. Nanobodi ni kipande kimoja cha kingamwili ya jamii ya ngamia, hapa alpaka, chenye kilodaltoni kama 14, na kimefungwa kwenye agarosi, yaani shanga yenyewe, kwa kifungo cha kikemia. Pale kwenye 25 na 50 pamebaki peupe.

Mikrolita 25 za shanga zilizotikiswa zinatosha sampuli moja. Kata ncha ya pipeti kwanza, vinginevyo utavuta maji na kuacha shanga. Seli nazipasua kwa mikrolita 200 za bafa yenye sabuni ya NP-40 asilimia 0.5, kisha naongeza 300 za bafa isiyo na sabuni, ibaki asilimia 0.2; sabuni ikizidi, protini zinazoshikana kilegevu huachana. Saa moja kwenye nyuzi 4, mrija ukizunguka, inatosha. Kuziacha hadi asubuhi huongeza uchafu tu. Usisahau mrija wa GFP tupu, isiyoungwa na protini yako, maana bila huo hujui nani kashika GFP na nani kashika protini yako.

Kasoro ya nanobodi ni kuing'ang'ania GFP. Glaisini ya milimola 200, pH 2.5, huibandua protini, lakini kama ni kimeng'enya huenda kikafa kabla hujaizimua asidi kwa bafa ya Tris. Anayetaka protini hai aweke mahali pa kukatwa na kimeng'enya cha TEV kati yake na GFP: protini itatoka, GFP itabaki kwenye shanga. Na mCherry, protini inayong'aa nyekundu, haishikwi kabisa, usijaribu.

Bei ni kali, kwa hiyo maabara yenye bakteria wa E. koli inaweza kujitengenezea nanobodi na kuifunga kwenye agarosi ya NHS, kemikali inayoshika amini za protini. Kosa la kawaida hapo ni kuiacha nanobodi ndani ya Tris. Tris ina amini yake, nayo itawahi nafasi zote za NHS. Ihamishie kwanza kwenye PBS, bafa isiyo na amini. Tris iingie mwishoni, kuziba nafasi zilizobaki.