Huduma ya tiba shufaa nyumbani: namna wauguzi walivyopima na kutuliza maumivu ya baba

Kwa muda wa miezi 5, baba yangu, aliyekuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea kwenye mifupa ya kiuno na uti wa mgongo, alihudumiwa nyumbani kwetu Kigamboni na wauguzi wa kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia zinazojiuliza kama huduma ya namna hii ina faida yoyote ilhali ugonjwa wenyewe hauponi. Kwetu ilikuwa na faida kubwa, kwa sababu wauguzi wale walijua kuuliza.

Katika wodi alikolazwa kabla ya hapo, muuguzi alipita na swali moja tu: "Mzee, unaumwa?" Baba, aliyelelewa kuamini kwamba mwanamume hatangazi maumivu yake, alijibu kila mara, "Alhamdulillahi," na kwenye faili ikaandikwa kwamba hana maumivu. Usiku alikuwa akiuma shuka. Aliendelea kupewa parasetamo na diklofenaki, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikwisha kueleza tangu mwaka 1986 kwamba maumivu ya saratani yasipotulia kwa dawa za ngazi ya chini, mgonjwa hupandishwa ngazi hadi kufikia mofini, dawa yenye nguvu ya kutuliza maumivu makali.

Muuguzi wa tiba shufaa alipokuja mara ya kwanza alimwamkia baba, akaketi mkekani na kukaa karibu saa nzima. Hakumuuliza kama anaumwa. Alimuuliza maumivu yamemzuia kufanya nini. Baba akasema hawezi tena kurukuu, na kwamba anaogopa kugeuka kitandani. Ndipo muuguzi akamwonyesha kutumia mkono wake kama kipimo: ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Baba alinyoosha vidole vinne. Mama, aliyelala chumba kimoja naye siku zote, alitoka nje kulia.

Baada ya hapo yakafuata maswali ambayo sikuwahi kuyasikia hospitalini. "Mzee, panawanga au panachoma?" Baba alijibu, "Kiuno ndicho kinachowanga, mwanangu. Mguu unawaka moto." Nilidhani ni maneno ya kawaida tu, lakini muuguzi aliyaandika kama yalivyo, kwa kuwa maumivu ya mfupa na yale ya mshipa wa fahamu hayatulizwi kwa njia moja. Kwa taarifa hiyo daktari aliandika mofini ya maji, kisha akaongeza amitriptilini kidogo wakati wa kulala kwa ajili ya ule moto wa mguuni. Muuguzi alimuuliza pia kama miguu inaishiwa nguvu au mkojo unamshinda kuuzuia, akatuonya kwamba dalili hizo zikitokea tumpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda uti wa mgongo unabanwa.

Mofini ilitutia hofu. Shangazi alisema hiyo ni dawa ya kummalizia mtu, na kaka yangu aliogopa baba asije akawa teja. Muuguzi hakutukemea, alieleza kwamba dawa ikianza kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu kulingana na maumivu, haiharakishi kifo, na kwamba mwili kuizoea si sawa na uteja. Alitupangia saa: 12 asubuhi, 4 asubuhi, 8 mchana, 12 jioni, kisha saa 4 usiku kipimo maradufu ili baba asiamshwe usiku wa manane. Alituambia usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa kawaida hupungua, ila choo kigumu hakiondoki chenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ilianza siku ileile. Kwa kuwa maelezo ya chupa yalikuwa ya Kiingereza, alichora mstari kwa kalamu kwenye bomba la kupimia dawa ili mama asikosee.

Jambo ninaloliona kuwa kiini cha huduma hii ni kwamba kila baada ya kubadilisha dawa walipima upya. Kesho yake muuguzi alipiga simu kuuliza vidole, na pia kama baba anaamka vizuri akiitwa na anapumua kawaida. Tuliandika kwenye daftari kila dozi ya ziada, ile aliyopewa maumivu yalipomzidi kabla ya saa iliyopangwa, na alipoona zimefika tatu kwa siku alishauriana na daktari kuongeza kipimo cha kawaida. Katika juma la pili baba alikuwa anaonyesha kidole kimoja, na aliomba apelekwe barazani.

Ipo kasoro ambayo sitaificha. Mofini hudhibitiwa kisheria, na kitengo kiliitoa siku mbili tu za juma, saa za kazi. Jumapili moja chupa ilikauka, simu ya zamu haikupokelewa hadi Jumatatu, na baba alirudi kwenye vidole vinne kwa kosa lisilo lake. Kitengo kinachojua kupima maumivu kwa uangalifu namna ile hakina budi kuwa na mtu wa kupokea simu usiku na siku za mapumziko. Anayeanza huduma hii ahesabu mililita zilizobaki kila Alhamisi.

Katika siku za mwisho baba hakuweza kuinua mkono. Muuguzi alitufundisha kusoma paji la uso lililokunjamana, mguno anapogeuzwa, na vidole vinavyokamata shuka, nasi tuliendelea kumpa dawa kwa matone shavuni. Siku tatu baada ya mazishi alikuja kuchukua mofini iliyobaki, akaipima mbele yetu, akaiandika na kutia sahihi, kisha akakaa na mama hadi alasiri.