Ziara ya watoto wa kasa kisiwani Juani, Mafia

Ninaipendekeza kwa dhati ziara ya kutazama watoto wa kasa wakitoka viotani kisiwani Juani, inayoendeshwa kwa ushirikiano na shirika la Sea Sense, kwa kuwa sehemu ya ada ya mgeni huenda kwa jamii inayovilinda viota hivyo. Mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota hulipwa, kisha hulipwa tena kulingana na mayai yaliyoanguliwa, utaratibu ambao kwa maoni yangu ni wa haki, maana unakifanya kiota kilichoachwa salama kiwe na faida kuliko mayai yaliyochimbwa. Waongozaji ni wenyeji wanaoijua kazi yao. Njia ya kuvuka kisiwa kwa miguu ni ndefu, hivyo vaeni viatu imara. Watoto wengi huanguliwa kati ya Juni na Septemba.